Redio Mpya kwa Ndinga ya Kitambo: Usikubali Fundi Akate Dashibodi Kabla Hujasoma Hii

Kama ulikuwa kwenye feri ya Likoni asubuhi moja ya Jumamosi mwaka jana, ukaona Peugeot 504 nyeupe ikisukumwa na makanga wawili, muuza njugu mmoja na askari aliyekuwa amekasirika, basi yule dereva aliyejikunja nyuma ya usukani kwa aibu ni mimi. Nyuma yangu kila gari lilikuwa linapiga honi. Mama mmoja aliyebeba beseni la samaki akaniuliza, "Kaka, hii gari ni ya babu yako ama?"

Si ya babu. Ni ya mzee wangu, aliyefanya kazi bandarini miaka na mikaka, akatuachia sisi pale Changamwe. Na siku hiyo gari yenyewe haikuwa na kosa. Injini iko fiti, betri haijamaliza hata miezi minne. Kilichonimaliza ni redio.

Nilikuwa nimetoa redio ya zamani nikaweka ile ya skrini kubwa ya inchi saba, na ampifaya nyuma ya kiti. Fundi (jina nalihifadhi, tunaishi mtaa mmoja) aliona tundu la redio ni dogo, akachukua msumeno akaongeza tundu. Dakika tano tu. Kisha akaunganisha waya anavyojua yeye. Usiku ule ngoma iligonga hadi majirani wakatoka nje. Wiki moja baadaye ndiyo hiyo, nimezimwa feri.

Mamangu alipoiona dashibodi hakusema kitu. Aligusa tu pale palipokatwa, akaingia ndani.

Tangu hapo nimekaa na mafundi wa waya kuanzia Kisauni mpaka Changamwe, nimeuliza maswali ya kijinga, nimechoma redio nyingine moja, na sasa nadhani naweza kukusaidia wewe mwenye 504, Datsun 1200, Corolla ya zamani, Beetle, Land Rover ya mzee ama Mercedes ile ya W123 ambayo bado inapeta mtaani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka minane, kwa hivyo hizi ndinga za kitambo tulizonazo ni zile zilizobaki hapa hapa. 504 iliunganishwa hapa Kenya kwa miaka mingi, na ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na Ove Andersson, halafu tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Lakini jaribu leo kutafuta dashibodi yake iliyo nzima. Zile utakazopata zimepasuliwa na jua, ama tayari kuna mtu kama mimi alishapitisha msumeno.

Kwa hivyo tuanze na gari, si redio. Watu wengi huenda dukani kwanza, wanapenda taa za rangi rangi, wanalipa, ndipo wanaanza kulazimisha gari ikubali. Geuza hiyo mambo.

Gari yako inakula stima gani?

Redio karibu zote utakazoonyeshwa dukani ni za volti 12, na zinataka upande hasi wa betri uwe ndio umefungwa kwa bodi. Hapo ndipo mafundi husema "ethi hasi". Kwa 504, W123, Datsun na Corolla za miaka ya 70 hapa huna shida.

Lakini kama una Beetle ya kabla ya 1967 hivi, kuna uwezekano ni ya volti 6. Ukiifungia redio ya volti 12 haitawaka, ama itawaka ikikohoa. Na kama una gari ya Muingereza ya miaka ya 50 na 60, Morris Minor kwa mfano, ama Land Rover zile za mwanzo, angalia vizuri sana. Nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 60 zilikuja na ethi chanya, yaani upande wa jumlisha wa betri ndio umefungwa kwa bodi. Redio ya kisasa ina boksi la chuma, na hilo boksi ni upande hasi. Ukiliskurubu kwenye dashibodi ya gari ya ethi chanya, tayari umepiga shoti. Bahati yako ikiwa njema fyuzi inaondoka. Ikiwa mbaya, unanusa moshi.

Usiulize mwenye gari, kwa sababu mwenye gari mwenyewe huenda hajui. Fungua boneti, fuata waya mnene unaotoka kwa betri mpaka kwenye bodi, uone umetoka upande gani. Kisha chukua testa upime volti. Wengine walishabadilisha gari zao kutoka volti 6 hadi 12, ama waligeuza ethi zamani, kwa hivyo kitabu cha gari hakitoshi. Pima.

Kuna kasheshe nyingine ambayo ni yetu sisi wa Changamwe hasa. Malori yamejaa hapa kwetu, na redio za malori zinatolewa zinauzwa. Jamaa anakuletea redio safi ya Kijapani kwa bei ya kutupa, kumbe imetoka kwenye lori la volti 24. Soma kibandiko kilicho juu ama nyuma ya boksi. Kikiandika DC 24V, mrudishie mwenyewe mzigo wake. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, jiulize ni kwa nini.

Tundu ni dogo, na ni sawa

Hapa ndipo mimi niliharibu. Kuna aina mbili za matundu utakayokutana nayo.

La kwanza ni lile la mstatili ambalo watu huita DIN moja. Upana wake ni kama milimita 182 na urefu kwenda juu 53. Gari nyingi za Ulaya za kuanzia miaka ya 70 zina nafasi hiyo, na W123 ni mfano mzuri. Ukipata hilo, umeokoka, kwa sababu redio za saizi hiyo bado zinatengenezwa mpaka leo.

La pili ni la redio za vifundo viwili. Yaani kuna kitundu cha katikati ambapo uso wa redio unachungulia, na vitundu viwili vya duara, kimoja kushoto cha sauti na kimoja kulia cha kutafuta stesheni. Datsun na Toyota za zamani nyingi ziko hivyo. Hakuna redio ya kawaida ya dukani itakayoingia hapo bila msumeno. Na fundi atakuambia, "Boss, nakata kidogo tu." Hakuna kukata kidogo. Plastiki ya miaka arobaini iliyopigwa na jua la Mombasa ikianza kukatwa, ufa unaenda unakotaka wenyewe.

Kwa matundu hayo kuna kampuni ya Marekani inaitwa RetroSound inayotengeneza redio mpya zenye vifundo viwili ambavyo unaweza kuvisogeza vikaribiane ama vitengane, vikae sawa na vitundu vya gari yako. Ndani ni ya kisasa kabisa, ina Bluetooth na kila kitu. Ubaya wake ni bei, na lazima uagize kutoka nje. Kwa wenye DIN moja, Continental wana redio yenye sura ya zamani, vifundo na taa za rangi ya chungwa, na Blaupunkt wamerudisha ile sura ya Bremen ya kitambo. Ile Blaupunkt inakuja na DAB pia, redio ya dijitali ya Ulaya. Usilipie pesa zaidi kwa sababu ya hiyo herufi DAB. Stesheni unazosikiliza hapa ziko FM.

Kabla ya kununua yoyote, pima kina. Upana na urefu una kipimo rasmi, lakini kina hakina. Redio ya zamani inaweza kuwa fupi, na nyuma yake kuna bomba la hewa, fito ya chuma ama nyaya za wiper. Toa redio ya zamani, ingiza rula, andika milimita kwa karatasi uende nayo dukani. Redio zisizo na mdomo wa CD huwa fupi sana kwa nyuma, kwa sababu hazina ile mashine ya kuzungusha diski. Kwa gari ya kitambo hiyo ni faida kubwa, na wewe mwenyewe jiulize mara ya mwisho ulinunua CD lini.

Ya Japani haijui Baraka FM

Hii kila mtu wa Mombasa anaijua kwa maumivu, lakini wengi hawajui sababu.

FM ya Kenya inaanzia 87.5 hadi 108. Ya Japani kwa miaka mingi ilikuwa 76 hadi 90, na siku hizi wameisogeza mpaka 95. Redio inayotoka kwenye gari ya Kijapani iliyoshuka bandarini inashika kile kipande kidogo tu kinachoingiliana na chetu. Pwani FM iko 103.1. Pilipili iko 99.5. Baraka 95.5. Radio Kaya 93.1. Kwa redio ya 76 hadi 90, zote nne hazipo duniani.

Fundi atakuambia usijali, anaweka kile kiboksi kidogo kati ya antena na redio. Kile kiboksi hakibadilishi redio. Kinachukua mawimbi kinayashusha kwa kiasi kimoja kisichobadilika. Tuseme kinashusha 15. Pwani FM ya 103.1 unaipata ukiandika 88.1. Baraka unaipata 80.5. Kaya iko 78.1. Inafanya kazi, lakini hesabu unazifanya wewe kila siku ukiendesha, na stesheni yoyote iliyo juu ya 105 ama chini ya 91 imekwenda. Juu ya hayo, kiboksi cha bei rahisi kinaongeza kelele. Kwa gari unayoipenda, mimi nasema hapana. Nunua redio inayofika 108 yenyewe.

Za kutoka Marekani zina mtego wa aina nyingine. Zinafika 108, lakini nyingi zinaruka kwa 0.2, na zinatua kwa namba witiri tu: 95.3, 95.5, 95.7. Stesheni yako ikiwa inaishia na .2 ama .6, redio inairuka kama mtu anayekudai. Redio nyingi nzuri zina mahali pa kubadilisha eneo kwenye mipangilio, kwa hivyo uliza kabla ya kulipa, na mwambie muuzaji akubadilishie mbele yako.

Na zile zinazotoka kwenye magari ya Uingereza na Ulaya, angalia kama zinaomba kodi. Redio hizo zikikatwa stima zinajifunga, zinaandika CODE, na bila namba unabaki na kipande cha chuma. Muuzaji akikuonyesha redio inayowaka, mwambie aichomoe kabisa kwenye betri, asubiri kidogo, airudishe. Ikiuliza namba na yeye hana, endelea na safari.

Spika ndizo zilizochoma redio yangu ya pili

Baada ya kuondoa ile skrini nilitafuta redio ndogo nzuri, nikaifunga mwenyewe kwa kiburi. Iliimba siku mbili. Siku ya tatu ikanyamaza, na nyuma ilikuwa moto kama pasi.

Sababu ni hii. Gari nyingi za enzi hizo zilikuja na spika moja, mbili ukiwa tajiri. Kuokoa waya, walipeleka waya mmoja tu kwa kila spika, na upande wa pili wa spika wakaufunga kwa bodi ya gari. Kwa redio za wakati ule hilo lilikuwa sawa kabisa. Redio za leo haziko hivyo. Kila spika inataka nyaya zake mbili zinazotoka kwenye redio, na zote mbili zina stima inayocheza. Ukigusisha mmoja kwa bodi, ama ukiunganisha nyaya hasi za spika mbili pamoja, unapiga shoti kwenye ampifaya iliyo ndani ya redio. Zenye akili zinajizima. Zisizo na akili zinaungua.

Kwa hivyo sheria yangu siku hizi ni kwamba nyaya za spika za zamani sizitumii kabisa. Naziacha pale pale zilipo, navuta nyaya mpya, mbili kwa kila spika. Rangi zinafanana kwa redio nyingi: nyeupe ni ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Ile yenye mstari mweusi ni hasi ya rangi hiyo hiyo.

Kama gari ina nafasi ya spika moja tu katikati ya dashibodi, usiunganishe kushoto na kulia kwenye spika moja ya kawaida. Kuna spika zenye koili mbili ndani ya koni moja. Kushoto inaingia koili moja, kulia inaingia ya pili, na muziki wote unatoka mahali pamoja. Uliza spika ya koili mbili yenye omu 4 kila upande. Si kila duka linayo, lakini inapatikana, na inakuokoa kutoboa milango. Milango ya gari ya kitambo ukiitoboa kwa ajili ya spika ni dhambi ile ile ya msumeno, ila imehama sehemu.

Na usidanganywe na maandishi ya wati. Redio imeandikwa 50W mara nne, yaani wati 200. Geuza boksi uangalie fyuzi yake. Nyingi zina fyuzi ya 10. Volti 12 mara ampia 10 ni 120. Redio haiwezi kutoa wati 200 ikiwa inakula 120. Ukweli ni kwamba redio nzuri inatoa wati ishirini hivi kwa kila spika, na ndani ya 504 madirisha yakiwa wazi barabara ya Miritini, zinatosha kabisa.

Waya ya manjano, nyekundu na buluu

Turudi feri sasa, nikuambie kilichotokea.

Redio ya kisasa ina nyaya mbili za kuleta stima. Ya manjano inakaa na stima wakati wote, kazi yake ni kukumbuka stesheni zako na saa, na pia ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Nyekundu inapata stima ukiwasha swichi ya gari tu, ndiyo inayoiambia redio iamke. Nyeusi ni ya ethi. Halafu kuna ya buluu, inayotoka kwenye redio kwenda kuiambia ampifaya ama antena ya stima iamke.

Fundi wangu alikuwa na haraka. Waya wa kuamsha ampifaya hakuufunga kwa buluu, aliufunga moja kwa moja kwa betri. Kwa hivyo mimi nikizima redio, ampifaya iko macho. Nikilala, iko macho. Usiku baada ya usiku inanyonya kidogo kidogo, na mchana safari zangu ni fupi, Changamwe hadi mjini na kurudi, haziijazi betri. Asubuhi ile niliiwasha kwa shida nyumbani, nikapanga foleni, nikaingia kwenye feri, nikazima injini kama tunavyoambiwa. Kuiwasha tena ndiyo nikasikia ule mlio wa tik, basi.

Gari zenye dainamo badala ya altaneta ziko pabaya zaidi, kwa sababu dainamo ikiwa injini iko silensa haitoi stima ya maana. Usiku, taa zimewaka, uko kwenye foleni ya Likoni husogei, na redio inapiga. Unakula akiba ya betri. Kwa gari kama hiyo sahau ampifaya kabisa.

Kitu kingine ambacho sitaki ukipuuze: nyaya za gari ya miaka hamsini zimekauka, ukizikunja ngozi yake inapasuka. Waya wa manjano vuta mpya kutoka kwa betri, na weka fyuzi karibu na betri yenyewe, si karibu na redio tu. Waya ukikwaruzwa na chuma njiani bila fyuzi pale mwanzo, unakuwa mwekundu kama mkaa mpaka gari iwake moto. Fyuzi ni bei ya soda.

Antena na chumvi

Hapa nitakuwa mfupi. Ukikaa Likoni ama upande wa Kisauni unaoelekea baharini, unajua chumvi inavyokula chuma. Watu wengi hubadilisha redio wakidhani ndiyo mbovu, kumbe shina la antena limeoza chini, pale linapogusa bodi. Fungua, kwangua rangi na kutu hadi uone chuma kinang'aa, funga tena, paka grisi juu. Antena ya FM ifike kama sentimita 75 ikivutwa yote. Fanya hivyo kabla hujatoa hata shilingi kwa redio mpya, huenda usihitaji.

Ukisikia tik-tik-tik inayoongezeka ukikanyaga mafuta, hiyo ni kelele ya plagi na koili. Fundi akuwekee kapasita ya kuzima kelele kwenye upande wa koili unaopokea stima kutoka kwa swichi, na plagi zenye R ndani ya jina kwa kampuni nyingi. Ukisikia mluzi badala ya tik, angalia ethi ya redio na altaneta.

Kuna wazo moja ambalo nililipata kwa mvuvi: redio za boti. Zimetengenezwa zivumilie unyevu na chumvi, bodi zake za ndani zimepakwa dawa, na ni za volti 12. Zingine ni kidude cha duara tu cha kubonyeza, kinachoshikana na simu kwa Bluetooth. Kwa Land Rover isiyo na paa ama gari inayolala nje karibu na bahari, mimi ningeanza hapo.

Ama usibadilishe kabisa

Sasa nikuambie nilichofanya mimi mwishowe, kwa sababu ndicho ninachokipenda zaidi.

Redio ya awali ya mzee sikuwa nimeitupa. Ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kwa gazeti. Ilikuwa na mawimbi ya kati tu, haina FM, kwa sababu wakati gari ile inanunuliwa redio ilikuwa ni Sauti ya Kenya, ambayo ilikuja kuitwa KBC mwaka 1989, na FM za watu binafsi hazikuanza nchini hadi 1996. Kwa hivyo ukiirudisha jinsi ilivyo, unarudisha pambo.

Lakini fundi wa redio, si fundi wa gari, fundi yule wa meza na bunduki ya risasi ya kuchomelea, anaweza kuifungua akaweka kibodi kidogo cha Bluetooth ndani, akakiunganisha pale sauti inapoingia kwenye kifundo cha kuongeza na kupunguza. Uso wa redio haubadiliki hata kidogo. Unawasha kifundo kile kile, kinatoa ule mlio wake wa tak, kisha simu yako inaingia. Baraka FM ama ngoma zako unazipata kwa simu, kupitia intaneti ama kupitia FM ya simu kama inayo. Mwambie fundi kile kibodi akipatie kibadilisha stima chake cha volti 5 kilichojitenga, kisichoshiriki ethi na sauti, la sivyo utasikia mluzi mkali nyuma ya kila wimbo. Na kama gari yako ni ya ethi chanya, mwambie mapema kabisa, kabla hajashika chochote.

Kama redio ya awali ilishapotea, njia ya pili ni kuficha. Redio ya kisasa inakaa ndani ya kidroo kilicho mbele ya abiria ama chini ya kiti, unaiongoza kwa rimoti, na tundu la dashibodi unaliziba kwa kifuniko ama kwa redio mbovu ya sura ya zamani. Hii pia inasaidia mambo ya usalama. Redio isiyoonekana haimvutii mwizi, na kioo cha pembetatu cha 504 kikivunjwa, kukipata kingine ni safari.

Ukienda kununua, nenda asubuhi na usiwe na haraka. Mwambie muuzaji aiwashe, atafute stesheni dhaifu na si ile inayosikika mpaka kwa kijiko, na ajaribu njia zote nne za spika moja moja. Ibebe mkononi. Redio nzuri ina kipande kizito cha alumini mgongoni cha kutoa joto. Ikiwa nyepesi kama boksi la viatu, na jina limeandikwa Pionear ama Sonny, unajua. Uso unaong'aa sana pia uuogope, kwa sababu saa saba mchana hutaona kitu. Na chukua ile ambayo uso wake unatoka uweke mfukoni.

Redio ya mzee sasa iko mahali pake. Lile tundu lililokatwa, fundi wa samani pale Kisauni alinitengenezea fremu ya mbao nyembamba, akaipiga rangi nyeusi, ukikaa kiti cha nyuma huoni. Ukikaa mbele unaona. Mamangu alikaa mbele tulipoenda Likoni mwezi uliopita. Tulipofika kwenye feri nilizima injini, nikazima na redio, akaniambia, "Acha iimbe, betri si mpya?"

Nikaiacha. Tulipofika ng'ambo iliwaka mara moja.